Nani Amepindua Nini?

Ewe kijana msomaji, yamkini umekwisha kuandika insha nyingi katika maisha yako ya shule, na si ajabu kwamba katika nyingi za hizo umesema kuwa kitu fulani "kimeleta mapinduzi makubwa". Simu imeleta mapinduzi makubwa. Barabara ya lami imeleta mapinduzi makubwa. Mbegu mpya, dawa mpya, kompyuta, hata namna mpya ya kusuka nywele, vyote vimeleta mapinduzi, na hapana hata moja kati ya mapinduzi hayo lililokuwa dogo. Sikuandikii kwa kukucheka. Wakubwa wako wamekutangulia katika jambo hili: wauzao sabuni husema vivyo hivyo, na waombao kura husema vivyo hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Nakuandikia kukutaka ulikatae neno hilo, likitoka katika kalamu yako au katika kinywa cha mwingine, mpaka lijibu swali moja jepesi: nani amepindua nini?

Neno hili lina ukoo mkubwa, na wengi wa ukoo huo ni wapole. Mzazi ni kupinda. Njia hupinda, mzee hupinda mgongo, na mshonaji hupinda ncha za nguo zisifumuke. Mapambo yaliyouzunguka mji wa kanga huitwa pindo. Ufito uliopindwa kwa kamba ni upinde, na kwa mfano wake tukapata upinde wa mvua. Nyoka aliyejiviringisha ana mapindi. Wakati nao umekatwa vipindi, na wewe ukiwa darasani husubiri kengele imalize kipindi usichokipenda.

Kutoka kwa mzazi huyu mpole akazaliwa mtoto mwenye nguvu, kupindua. Walimu wako wamekufundisha kauli ya kutendua, ile igeuzayo maana ya kitenzi: funga, fungua, ziba, zibua, kunja, kunjua, tega, tegua. Kwa kanuni hiyo ungetazamia kupindua kuwe ni kunyosha kilichopinda. Sivyo hata kidogo. Kilichopinda hunyoshwa. Kupindua ni kukitwaa kitu kizima na kukilaza kwa upande wake mwingine, cha chini kikawa juu na cha juu kikawa chini. Godoro hupinduliwa. Plau hupindua udongo. Dau lililozidiwa na wimbi hupinduka, na waliokuwamo hutafuta ubao wa kushika. Gari lililopiga kona kwa kasi hupinduka pia, na habari zake hazikosi magazetini.

Wala maana hazikomi hapo. Jua likipinduka, wakati wa adhuhuri umeingia. Na katika kupinduka huko hapana kitu kilichoanguka wala kilichovunjika, bali jua limevuka utosi na kuanza safari ya magharibi. Afanyaye jambo kupita kiasi husemwa kuwa amelifanya kwa kupindukia. Ayatwaaye maneno ya mwenziwe akayapa maana asiyoikusudia mwenyewe, amepindua maneno. Na ule ugonjwa wa maji machafu ambao daktari James Christie aliuona Unguja akauandikia kitabu kilichochapishwa mwaka wa 1876, sisi tuliuita kipindupindu, kwa jinsi unavyousokota mwili wa mgonjwa. Neno moja, basi, limebeba chombo kilichozama, adhuhuri, uzushi na maradhi. Atakaye kulitumia bila kufikiri ni kama atiaye mkono katika kapu asilolijua lina nini.

Kando ya neno hili liko jirani yake, kugeuza, ambalo watu hulichanganya nalo. Tofauti yake waijua wote walio jikoni na hospitalini. Chapati hugeuzwa juu ya kikaango ili pande zote mbili ziive. Chai ikipinduliwa, hapana atakayeinywa. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa kitandani asipate vidonda. Muuguzi ampinduaye ana maelezo ya kutoa kwa ndugu zake. Kigeuzwacho hubaki mahali pake, nacho hutarajiwa kufaa zaidi kuliko kwanza. Kipinduliwacho hakina ahadi hiyo. Ndipo katika siasa za Kenya tukawa na neno mageuzi, na thamani yake nitaieleza baadaye.

Sasa utazame ujanja ulio katika sarufi, maana hapo ndipo shauri langu lote lilipo. Kitenzi kupindua hakisimami peke yake. Ukisema "wamepindua" ukanyamaza, kila akusikiaye atauliza: wamepindua nini? Na kiambishi cha mbele nacho kinamtaja mtendaji: ni wao, si sisi. Lakini kitwae kitenzi hicho ukifanye jina, useme "mapinduzi", na mara mtendaji ametoweka na mtendwa ametoweka. Limebaki tendo tupu, halina mikono iliyolitenda wala mgongo uliotendwa. Kisha ongeza kitenzi "kuleta", nawe umeimaliza hila, kwa kuwa sasa hapana kitu kilichopinduliwa hata kidogo. Kuna kitu kilicholetwa, kama zawadi kutoka safarini. Nani atakataa zawadi?

Wapo wasomi wasemao kwamba kosa ni la lugha. Husema Kiswahili ni maskini, kwa sababu huita kwa jina moja kazi ya umma mzima ulioamka kuvunja utumwa wake na kazi ya askari wachache walioamka kabla ya mapambazuko kumkamata rais. Lugha za watu wengine, husema wao, zina neno la hili na neno la lile. Hoja hiyo yafaa ipimwe, kwa sababu imewafanya vijana wengi wajionee haya kwa lugha yao.

Kiingereza, wanachokisifu kwa utajiri, hakikuwa na neno lake cha kuiita kazi ya askari. Kiliazima maneno mazima ya Kifaransa na kinayatumia hata leo bila aibu. Na lile neno lake la mapinduzi ya umma lilikuwa hapo kale neno la wanajimu. Copernicus alipochapisha kitabu chake mwaka wa 1543 akaliweka neno hilo la Kilatini katika jina la kitabu, hakuwa akizungumzia wafalme kuangushwa. Alikuwa akieleza mizunguko ya mbinguni, yaani kuzunguka na kurudi pale pale. Sijui kama wasomi wetu wangependa mapinduzi yao yarudi pale pale.

Kiarabu nacho kina maneno mawili: thaura ni mwamko wa umma, na inkilabu, lililotoka katika shina la kugeuza juu chini, ni uporaji wa serikali. Lakini ukivuka kwenda kwa Waajemi, neno hilo hilo la inkilabu ni la heshima, nalo ndilo waliloliitia tukio la Iran la mwaka wa 1979. Na huko kwa Waarabu wenyewe, maneno mawili hayakumwokoa mtu na ubishi. Maofisa wa jeshi la Misri walimwondoa Mfalme Farouk mwezi wa Julai 1952, na serikali yao ikaliita tendo hilo thaura. Waliolichukia waliliita inkilabu. Tendo ni moja, maneno ni mawili, na kila mmoja aliokota lile lililomfaa. Basi kuwa na maneno mawili si kinga. Aliye na nguvu huchagua lililo zuri.

Kiswahili, kwa upande wake, si kitupu kama wanavyodai. Husema mpinduzi, na husema mwanamapinduzi. Na hakuna mzungumzaji mwenye sikio ambaye hasikii kwamba wa kwanza anashukiwa na wa pili anasifiwa. Husema mapinduzi ya kijeshi. Husema jaribio la mapinduzi, likishindwa. Zaidi ya yote, kina kile kitenzi chake kilicho wazi, kinachodai mtendaji na mtendwa. Umaskini ni wetu sisi tuandikao, tunaokiacha kitenzi kwa kuwa kinatutaka tujue habari kabla ya kusema.

Tukijaribu swali letu katika mambo yaliyotokea karibu nasi, tutaona faida yake. Tarehe 25 Januari 1971, Rais Milton Obote wa Uganda alikuwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola. Askari waliomfuata Idi Amin wakaitwaa nchi, na redioni zikasomwa sababu 18 za kufanya hivyo. Watu walishangilia katika njia za Kampala. Kwa Kiswahili yaliitwa mapinduzi. Basi, nani alipindua nini? Sehemu ya jeshi ilimpindua rais mmoja, na bunge likavunjwa. Yule mkulima aliyekuwa chini alibaki chini, ila sasa juu yake kulikuwa na bunduki ambayo kwanza ilikuwa kambini. Mwaka uliofuata, 1972, Waasia kwa makumi ya maelfu walifukuzwa nchini. Miaka minane ilipita kabla ya Kampala kutekwa na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni, mwezi wa Aprili 1979. Walioshangilia ile siku ya kwanza walisikia jina, wala hawakuwa na nafasi ya kuuliza juu ya kitenzi.

Unguja ni jambo zito zaidi, nami sitalipita kwa haraka, kwa sababu huko neno hili limekuwa jina la nchi. Visiwa vilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, watu walivamia maghala ya silaha ya polisi ya Ziwani na Mtoni, na serikali ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte ikaanguka pamoja na kiti cha Sultani Jamshid bin Abdullah, ambaye alikimbia kwa meli. Abeid Amani Karume akawa Rais. Hata leo serikali ya huko huitwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na chama kilichozaliwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuungana TANU na Afro-Shirazi kiliitwa Chama cha Mapinduzi. Tarehe 12 Januari ni sikukuu ya Tanzania nzima.

Uliza swali hapa pia, na usikubali jibu la nusu. Wako watakaokujibu kwamba waliokuwa chini waliwapindua waliokuwa juu: mashamba makubwa yalitwaliwa, na jamaa ambazo hazikuwa na ardhi ziligawiwa ekari tatu tatu. Hilo ni kweli, na kwa kipimo cha neno lenyewe ndiyo maana yake kamili, kwani udongo ulipinduliwa kama kwa plau. Wako watakaokujibu kwamba maelfu ya watu, wengi wao wenye asili ya Kiarabu, waliuawa, na wengine wakavuka bahari wasirudi, na kwamba uchaguzi wa kwanza baada ya siku ile haukufanywa mpaka mwaka wa 1980. Hilo nalo ni kweli. Katika dau lililopinduka, nahodha mwonevu na mtoto mchanga wote huingia majini. Asemaye "mapinduzi matukufu" na kunyamaza amekuficha makaburi. Asemaye "uvamizi" na kunyamaza amekuficha zile ekari tatu. Wewe una kitenzi. Kitumie mara mbili, kila mara na mtendwa wake, hata kama majibu yatakaa pamoja kwa taabu.

Nasi Wakenya tusijione tuko pembeni. Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982, askari wa jeshi la anga walikiteka kituo cha Sauti ya Kenya wakatangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo hiyo walishindwa, na historia yetu imeliandika tukio hilo kuwa jaribio la mapinduzi. Ni sawa. Lakini rudi nyuma kidogo, mpaka mwezi wa Juni mwaka huo huo. Bunge lilibadili Katiba kwa kutia kifungu cha 2A, na Kenya ikawa kwa sheria nchi ya chama kimoja. Hapakulia risasi. Wabunge walivaa suti zao, wakapiga kura, wakaenda zao nyumbani. Nani alipindua nini? Waliochaguliwa walipindua haki ya wale waliowachagua, haki ya kuunda chama wakipendacho na kuwaondoa. Tendo la Agosti liliitwa mapinduzi nalo lilishindwa kabla ya jua kuchwa. Tendo la Juni liliitwa marekebisho nalo lilidumu miaka tisa. Hapo utaona kwamba neno hili hutupotosha kwa njia mbili: kwa kutajwa pasipostahili, na kwa kutotajwa lilipostahili.

Na sasa lile neno mageuzi. Kifungu hicho kilifutwa mwezi wa Desemba 1991, baada ya watu kuandamana, kupigwa na kufungwa, hasa tangu ile Saba Saba ya tarehe 7 Julai 1990. Walioipigania kazi hiyo waliiita mageuzi, wala hawakuiita mapinduzi. Wapo wanaolicheka neno hilo kuwa ni mapinduzi ya waoga, chai isiyo na majani. Mimi nasema walichagua neno kwa akili. Nyumba waliitaka ibaki. Walichotaka kubadili ni nani ashike ufunguo na kwa idhini ya nani. Kazi ilikuwa ndefu: Katiba mpya ilitangazwa tarehe 27 Agosti 2010, takriban miaka 19 tangu kile kifungu kufutwa. Chapati ya namna hiyo haiivi kwa kugeuzwa mara moja, na bado wapo wanaoilalamikia kuwa upande mmoja ni mbichi. Lakini kila aliyetaka angeweza kutaja waziwazi kilichogeuzwa, kifungu kwa kifungu.

Twende upesi kwa mapinduzi ya wafanyabiashara na wataalamu. Mapinduzi ya viwanda ya Uingereza yalistahili jina lake: mfumaji aliyekuwa na kitanda chake cha mfumi nyumbani akajikuta mbele ya mashine ya mtu mwingine, akitii kengele ya mtu mwingine. Mapinduzi ya kijani ni habari nyingine. Jina hilo lilitolewa mwaka wa 1968 na ofisa wa Marekani, William Gaud, kwa kusifu mbegu mpya zilizozidisha mavuno ya nafaka huko Asia. Naye alilitoa kwa makusudi, akilipambanisha na mapinduzi mekundu ya Warusi. Mbegu zilikuwa njema, na Norman Borlaug aliyezalisha ngano hiyo alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka wa 1970 kwa haki. Lakini ona jinsi neno lilivyoazimwa ili wenye njaa wapate mapinduzi bila mtu yeyote kupinduliwa. Na M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka wa 2007? Hapa namruhusu mwandishi, iwapo ataeleza. Aseme kwamba mtu aliyekuwa Nairobi alimtumia mama yake fedha kwa mkono wa dereva wa basi, akangoja kwa siku kadhaa kusikia kama zimefika. Na kwamba huyo huyo sasa hutuma kwa simu, na mama hupokea kabla ya kumaliza kupepeta mchele. Akisema hivyo amenionyesha kilichopinduliwa. Wala hatahitaji tena kuongeza kwamba yalikuwa makubwa.

Najua utakalonijibu. Utasema lugha ni mali ya wasemao, na kwamba watangazaji wa mpira kila juma hutuambia timu fulani "imepindua meza", na hapana aliyekufa kwa kusikia hivyo. Naam, nami nausikiliza mpira, wala sina ugomvi na meza hiyo. Timu ikifungwa mabao mawili kisha ikashinda kwa matatu, mtangazaji amekwisha kututajia waliopindua, matokeo yaliyopinduliwa, na hata dakika. Laiti wanasiasa wetu wangekuwa na uaminifu wa mtangazaji wa mpira!

Utasema pia kwamba mtahini hulipenda neno mapinduzi, na kwamba mwalimu wako mwenyewe alikuandikia "vizuri" kwa wino mwekundu ulipolitumia. Basi liandike, sikukatazi. Ila baada ya sentensi hiyo andika nyingine ya pili, yenye kitenzi kupindua, mtendaji wake mbele na mtendwa wake nyuma. Ijaribu usiku huu katika ile insha ya mbegu mpya: ni nani waliopindua, wakulima wa wapi, na ni nini kilichokuwa juu yao jana ambacho leo kiko chini? Ikiwa sentensi ya pili haiandikiki, piga mstari juu ya ile ya kwanza, useme tu kwamba mavuno yaliongezeka.